Kitufe Kilichonyamaza

Sajenti Enesi Nzunda alikibonyeza kidole gumba cha Bibi Teresia kwenye kioo cha simu, akasubiri, na simu ikamkatalia. Akakifuta kidole kwa kitambaa, akakibonyeza tena. Ikakataa. Akamwomba bibi aegemeze kichwa ukutani, afumbe macho kama mtu aliyepitiwa na usingizi, mkono auache uanguke wenyewe mapajani. Bibi akafanya hivyo, tena akakoroma kidogo ili kuinogesha kazi. Simu haikujali.

"Unakishika kama mtu anayeokota panya," Bibi Teresia alisema bila kufumbua macho. "Lete hapa."

Akaichukua simu. Alikipitisha kidole gumba kwenye nywele zake zilizopakwa mafuta, pembeni ya kitambaa cha kichwa, akakilaza kwa ubavu kwenye kioo, akakisogeza mbele kidogo. Simu ikafunguka.

"Kidole hiki kimekwisha," alisema, akikiinua kwenye mwanga. "Kahawa imekila. Yule Gibson wa kampuni ndiye aliyenifundisha, na hapa nyumbani hakuna mwingine ajuaye. Mafuta kidogo, halafu ukilaze kwa ubavu. Bila hivyo simu haikutambui hata ulie."

Enesi alikaa na kalamu yake bila kuandika. Jambo dogo hilo lilikuwa limemwangushia kesi nzima chini.

Kesi yenyewe ilikuwa imeonekana nyepesi. Kampuni ya Uwanda Kijani ilitaka kulikodisha shamba la Bibi Teresia hapa Hasamba, wilayani Mbozi, ing'oe mibuni na kupanda parachichi. Kampuni ilisema bibi alikubali Jumapili alasiri, kwenye simu, kwa kidole chake mwenyewe. Bibi aliapa mbele ya mchungaji kwamba alikataa. Wakati huo watu wengine wa nyumba walikuwa wamekwenda kusalimia wagonjwa, na aliyebaki pale nyumbani alikuwa mjukuu wake Boazi, dreva wa bodaboda mjini Tunduma, ambaye siku chache kabla alikuwa amesema mbele ya ukoo wote kwamba kahawa ni kazi ya wazee na hela iko kwenye parachichi. Bibi mwenyewe ndiye aliyefika kituoni kumshtaki. Alisema kijana alimshika kidole akiwa amelala. Boazi sasa alikuwa mahabusu Tunduma, na trekta la kung'oa mibuni lilikuwa linakuja kesho asubuhi.

Lakini mtu aliyelala hana mafuta kwenye kidole, na hakilazi kwa ubavu. Aliyekubali siku ile alikuwa macho, na alikuwa na kidole hiki hiki.

"Bibi, nisimulie tena ile Jumapili," Enesi alisema.

Bibi Teresia alishusha pumzi kama mtu aliyechoka kurudia hadithi kwa watoto. Alisema alitoka kanisani, akala, akakaa papo hapo barazani. Simu ikalia. Yule dada wa ndani ya simu akamsomea swali lile lile la kila wiki, kama anakubali kulikodisha shamba. Gibson alikuwa amemwonyesha kwamba kitufe cha juu ni cha kukubali na cha chini ni cha kukataa, maana macho yake yalikuwa na utando na herufi alikuwa anaziona kama moshi.

"Nikabonyeza cha kukataa. Ikakaa kimya. Nikabonyeza tena, ikaitika. Nikashikilia mpaka ikamaliza, nikaiweka chini, nikalala. Nilipoamka, wananiambia shamba limekwenda." Akaukaza mdomo. "Mdogo wangu Tabita, aliyeolewa kule Nakonde, naye walimuuliza juu ya kipande chake alichoachiwa na baba yetu. Alikataa mwezi wa nne, na hakuna aliyemgusa. Kwa nini mimi? Ni kwa sababu mimi naishi na huyo."

Enesi aliandika neno *ikaitika* kwa sababu lilikuwa limesemwa, si kwa sababu alilielewa. Kilichomwuma zaidi ni lile neno *huyo*. Majirani walikuwa wamemweleza kwamba bibi alimwita Boazi "mume wangu" tangu kijana akiwa hajaota meno, na kwamba Boazi asingepita uani bila kuuliza mke wake amempikia nini. Tangu Jumapili hakuwa mume wala mjukuu. Alikuwa *huyo*.

Alipoaga, alipitia nyuma ya nyumba, kwenye banda la miti lililoezekwa bati. Chini yake ilisimama mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu, mpini umeng'aa kwa kushikwa. Pembeni kulikuwa na kapu la kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi hiyo. Ule ubaridi wa Julai ulikuwa umebeba harufu ya maganda yaliyochacha, tamu na kali kwa pamoja.

Enesi alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji upelelezi. Kwao, kilima cha pili kutoka pale, kulikuwa na mashine kama hii. Msimu ukifika, watoto walikuwa wanatoka shule wakikimbia, si kwa kupenda kazi bali kwa kugombea nani azungushe kwanza. Baba yake alikuwa akiuweka mkono wake mkubwa juu ya mkono wa Enesi kwenye mpini, na mashine ilipoanza kutafuna, mtetemo ulipanda mkononi hadi begani, na meno yakagongana, na wote wawili wakacheka. Mashine ile iliuzwa kama chuma chakavu mwaka aliomaliza kidato cha sita. Hakuna aliyemwambia. Alirudi likizo akakuta banda tupu, na kuku wamelala pale.

Aliugusa mpini wa Bibi Teresia, akauacha, akawasha pikipiki ya kituo.

*

Ofisi ya Uwanda Kijani mjini Tunduma ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri. Dirishani palionekana foleni ya malori ikielekea mpakani, na madereva wamekaa kwenye vivuli vya matairi yao wakinywa chai. Aliyempokea Enesi alikuwa Kasiani, fundi wa programu ya kampuni, kijana wa rika lake, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi. Alimkaribisha soda na kumwita afande kwa heshima isiyo na woga.

Enesi alianza na Gibson, wakala aliyezunguka vijijini, maana kama bibi alikuwa macho, basi huenda alikuwa amelazimishwa. Kasiani alimwonyesha picha za mkutano wa wakulima uliofanyika Mbebe, wilayani Ileje, Jumapili hiyo hiyo. Gibson alikuwa amesimama katikati na kipaza sauti, akitoa jasho. Enesi alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji cha kule. Mwenyekiti alithibitisha, akaongeza kwamba Gibson alisema mno na watu walichelewa kukamua ng'ombe. Njia hiyo nayo ikafungwa.

"Nionyeshe bibi alichokiona," Enesi alisema.

Kasiani akampa simu ya maonyesho yenye programu yao, *Shambani Leo*. Ilikuwa programu nzuri, na Enesi alijikuta akiipenda. Alibonyeza hali ya hewa, na simu ikatetemeka kidogo chini ya kidole chake, kama mtu anayeguna kukubali. Alibonyeza bei ya kahawa, ikatetemeka. Alibonyeza magonjwa ya mimea, akarudi, akafungua, akafunga, na kila mara kidole chake kilijibiwa. Kisha akafika kwenye swali la mkataba. Sauti ya dada ikasoma. Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili, *Nakubali* juu, *Sikubali* chini.

Alibonyeza *Sikubali*.

Hakuna kilichotokea. Maandishi madogo yalitokea pembeni kuuliza kama ana uhakika, madogo kiasi kwamba yeye mwenye macho mazima aliyainamia. Alidhani hakubonyeza vizuri, akabonyeza kwa nguvu. Simu ilikuwa baridi na kimya kama kipande cha sabuni. Na hapo, kabla hajawaza lolote, aliona kidole chake mwenyewe kinapanda juu. Kilitua kwenye *Nakubali*. Simu ikaanza kukisoma huku ikitetemeka kwa upole, mtetemo mrefu, laini, ambao haukukoma mradi kidole kilikuwa pale.

Enesi alikiondoa kidole kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Alikitazama. Alikuwa amekuja kuchunguza, anajua kabisa kitufe kipi ni kipi, na bado mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe mahali palipojibu. Baba yake alikuwa na maneno aliyoyarudia kila msimu, akiwa ameinama juu ya mpini. *Ikinyamaza, haina kitu mdomoni, jaribu tena. Ikitetemeka, imeshika, usiiache mpaka imalize.* Kila mtoto wa Mbozi aliyelelewa na kahawa alikuwa na maneno hayo mkononi, hata kama kichwani alishayasahau.

*Nikabonyeza tena, ikaitika.*

Bibi Teresia hakuwa ameongopa neno hata moja. Alikataa, akasikia kimya. Akatafuta kwa kidole, gizani kwake, mpaka ikaitika, na kwa mkono wake kuitika kulikuwa na maana moja tu, kwamba neno lake limeshika. Akashikilia mpaka ikamaliza, kama mtu mwenye adabu ya kazi. Na kwa kushikilia huko, kidole chenye mafuta, kilicholala kwa ubavu, kikaweka sahihi.

"Kitufe hiki hakitetemeki," Enesi alisema kwa sauti ya kawaida.

"Ni betri, afande. Mtetemo unakula betri, na huko vijijini kuchaji ni shida. Tunapunguza."

"Mnapunguza kwenye kitufe kimoja?"

Kasiani alitabasamu, akasema kwamba mambo ya programu ni marefu kidogo kuyaeleza. Enesi akamwuliza kama kitufe kile kimekuwa hivyo siku zote. Kijana akajibu bila kusita kwamba ndiyo, tangu mwanzo. Enesi aliandika jibu hilo, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Kisha akaichukua ile simu ya maonyesho kwa hati ya polisi na kushuka ngazi, akiwa anawaza habari za mwanamke mwingine aliyeulizwa swali lile lile mwezi wa nne.

*

Polisi wa Tunduma hana kauli Nakonde, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, hata kama anaweza kuona nguo zilizoanikwa upande wa pili. Kwa hiyo Enesi alimwomba Tabita avuke yeye, na Tabita akavuka kama alivyovuka maisha yake yote, na kikapu mkononi, akisalimiana kwa Kibemba na wabadilisha fedha na kwa Kinyiha na mwanamke aliyekuwa akiuza maharage.

Walikaa kwenye kibanda cha chakula cha mama mmoja aliyeitwa Fausta. Tabita alikuwa mdogo wa Teresia kwa kila kitu isipokuwa ulimi. Aliuliza kwanza kama Boazi analishwa huko ndani. Alisema dada yake amekuwa na kichwa kigumu tangu wakiwa wanachunga mbuzi, na kwamba kijana yule asingeweza kumwibia bibi yake hata muwa. Kisha akatoa simu yake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui.

Enesi alimwuliza kama programu imewahi kubadilishwa.

"Nani aibadilishe? Gibson aliniwekea mwezi wa nne, nilipokwenda Hasamba kwenye kipaimara cha mjukuu. Nikarudi kwa mume wangu. Laini yenu kule haishiki, nami silali chini ya mnara wa simu. Nikiwakumbuka nyumbani, naifungua nione bei ya kahawa ya siku ile, basi. Najua ni ya zamani. Hivyo hivyo inanitosha."

Ukurasa wa swali bado ulikuwamo, na *Shambani Leo* ilimruhusu mtu kulijibu upya. Kwa ruhusa yake, Enesi aliweka kidole kwenye *Sikubali*. Simu ikatetemeka kwa nguvu, fupi na ya wazi, kama mtu aliyegonga meza na kusema nimesikia.

Alimwita Fausta, ambaye mikono yake ilikuwa na unga na ambaye hakujua lolote juu ya kesi. Alimfunga macho kwa kitenge chake mwenyewe, akaziweka simu mbili mezani, ile ya Tabita na ile ya kampuni, akamwongoza kidole mpaka kwenye kitufe cha chini cha kila moja. Wateja waliacha kula ili waone.

"Hii iko hai," Fausta alisema. Akahamia ya pili, akabonyeza, akabonyeza tena. "Hii imekufa. Au?" Kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo, kikitafuta. Kilipanda polepole mpaka kikafika juu. "Aa, kumbe. Hapa inasikia."

Tabita aliacha kutabasamu.

"Ndivyo walivyomfanya dada yangu?" aliuliza.

"Ndivyo, mama."

Tabita aliikunja simu yake kwenye kitambaa, akamkabidhi Enesi bila kuombwa. "Basi shika. Lakini usinibadilishie. Humo ndani bado ni mwezi wa nne, na bado mimi na dada tulikuwa tunaongea."

*

Kasiani alikuwa anafunga ofisi alipozikuta simu mbili zimewekwa kwenye meza yake, na Enesi amekaa kwenye kiti cha wageni.

"Moja ni ya mwezi wa nne," Enesi alisema. "Fumba macho, uniambie ni ipi."

Hakufumba. Alizitazama, akaketi taratibu, na ule upole wake ukabaki bila kitu cha kuushikilia.

"Mimi si mtu wa kuonea wazee, afande. Nimelelewa na bibi. Yuko Ibaba mpaka leo."

"Na yeye umemwekea programu hii?"

Chini barabarani lori lilipiga honi ndefu, na jingine likalijibu.

"Hapana," alisema mwishowe. "Yeye sikumwekea."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa sana. Alieleza kwamba miezi ya kwanza wakulima wengi walikataa, na wakubwa wakaitisha kikao wakisema lazima watu wasaidiwe kuamua. Yeye, ili aonekane ana mchango, alisema kidole hupenda kujibiwa, na kwamba mtu akishazoea kujibiwa, kimya humtia wasiwasi. Lilikuwa neno la kikaoni tu. Wiki iliyofuata aliagizwa azime mtetemo upande mmoja, swali la uhakika aliandike kwa herufi ndogo, na upande wa pili mtetemo aufanye laini na mrefu. Aliifanya kazi hiyo kwa siku moja. Ilikuwa rahisi mno, alisema, na urahisi huo ndio uliomsumbua kuliko yote.

Enesi aliandika maelezo yote, akampa asome, naye akatia sahihi. Hakumwona mwovu. Alimwona kijana aliyejua namna ya kumshika mtu mkono bila kuwapo, na aliyekosa mtu wa kumwuliza kwa nini.

Kituoni, Afande Ferdinand, mkuu wake wa upelelezi, aliyasoma maelezo hayo akiwa amevaa miwani mbili, moja puani na nyingine imesahauliwa kichwani. Boazi, alisema, aachiwe mara moja. Hilo lilikuwa rahisi.

"Lakini kitufe kutotetemeka ni kosa la kifungu gani, Sajenti?"

"Bado sijui, afande. Ninachojua ni kwamba mwenye shamba alisema hapana, na kuna mtu aliyehakikisha hapana yake haisikiki hata kwake mwenyewe. Na bibi hayuko peke yake. Wako wengine vijiji vyote vile."

Mzee aliivua miwani moja, akaigusa ya pili kichwani, akakereka.

"Trekta linafika lini?"

"Kesho asubuhi."

"Upelelezi ukiwa haujakamilika, vielelezo hufanywaje?"

"Huhifadhiwa, afande. Kama vilivyokutwa."

"Basi andika mibuni," Afande Ferdinand alisema, akimsogezea karatasi. "Kielelezo haking'olewi. Tutajibizana na mawakili wao baadaye."

*

Boazi alikaa nyuma ya pikipiki njia nzima hadi Hasamba, na kwa kuwa yeye ndiye dreva wa bodaboda, aliteseka. Mara mbili alimkumbusha Enesi kwa adabu kwamba gia ya tatu ipo. Walipoiona mibuni ya bibi yake, imeinama kwa kahawa nyekundu upande wote wa kilima, aliisahau gia.

Trekta lilikuwa limeshafika. Dreva wake, mtu mnene aliyeitwa Hezron, alikuwa ameketi kwenye gurudumu akila hindi la kuchoma. Alisoma amri ya polisi mara mbili.

"Kwa hiyo miti iko chini ya ulinzi?"

"Iko chini ya ulinzi," Enesi alisema.

"Bora miti ikamatwe kuliko mimi." Akatupa gunzi, akapanda, akageuza.

Bibi Teresia alikuwa bandani, amesimama kwenye mashine na kapu la kahawa mbivu miguuni, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba shamba litaiona Jumapili. Alisikia trekta likiondoka, akageuza kichwa kulifuata kwa sikio. Kisha akatambua nyayo nyuma ya Enesi, akaurudisha uso wake kwenye mpini.

Enesi alikuwa ameandaa maneno njiani, na yote yalimtoka. Maneno hayo yangemsafisha kijana, lakini bibi angebaki bila kuelewa kidole chake kilifanya nini. Aliusogelea mpini, akamwuliza jambo dogo tu. Bibi anajuaje mashine imeshika?

"Swali gani hilo, na wewe ni mtoto wa hapa? Inatetemeka mkononi."

"Na ikinyamaza?"

"Haina kitu mdomoni. Unajaribu tena mpaka—"

Bibi Teresia hakumaliza. Mkono wake ulibaki pale kwenye mpini. Taratibu aliutoa, akauleta karibu na macho yake yenye utando, akakitazama kidole gumba upande huu na upande ule, kana kwamba ni cha mtu mwingine aliyekiacha kwake.

"Hakuna aliyenishika mkono," alisema.

"Siku ile hakuna aliyekuja hapa, bibi. Ulikuwa macho na ulikataa. Walijua mkono wako unangoja kuitikiwa, wakanyamaza makusudi pale uliposema hapana. Shamba halijaenda. Tutalipigania, na nadhani tutashinda."

Bibi aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa akimsikiliza yeye. Boazi alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, katika nguo alizokamatwa nazo, akichokoa kutu kwa ukucha.

"Huyo amekula?" bibi alimwuliza Enesi.

"Hajala."

Kuku walipita.

"Mume wangu," Bibi Teresia alisema. "Njoo ushike mpini. Bega langu limechoka."

Boazi hakuondoka pipani.

"Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mke mwingine huko ndani," alisema. "Bahati mbaya wote ni wanaume."

Bibi alicheka. Cheko hilo lilianza vizuri, kisha likaharibika, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge na kulaumu moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa. Boazi akaja. Aliuzungusha mpini, ukaenda mwepesi, bila sauti.

"Haina kitu mdomoni," alisema.

Bibi Teresia aliinama, akachota kahawa kwa mikono yote miwili, akaimimina. Boazi akaimwagia maji, akazungusha. Mashine ikashika. Maganda mekundu yakaanza kumwagika upande mmoja, na kahawa nyeupe yenye utelezi upande mwingine, na bibi akauweka mkono wake mkavu juu ya mkono wa mjukuu wake.

"Imeshika?"

"Imeshika, mke wangu."

"Basi usiache mpaka imalize."

Enesi aliweka kiganja chake kwenye nguzo ya banda. Mtetemo ulikuwa umefika hadi pale.